Shukrani kwa mama wa kwenye gari ya Bububu

Aprili 17, 2013, siku aliyofariki Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa taarabu na ngoma za unyago wa Zanzibar, nilikuwa kwenye daladala natoka Darajani. Redio ilipotoa habari nikashindwa kujizuia, nikalia. Kijana mmoja akauliza, "Kwani ndugu yako?" Sikuwa na la kumjibu. Sijawahi hata kumpa mkono Bi Kidude. Nilikuwa naisikia tu ile sauti yake, nzito na yenye mikwaruzo, tangu niko mdogo.

Wewe mama uliyekaa pembeni yangu ulimkata kauli: "Mwache amlilie. Yule wetu sote." Ukanipa ncha ya kanga yako nijifute, kanga yenyewe inanukia udi. Ukanihadithia mpaka nashuka jinsi alivyokupigia msondo ulipochezwa unyago, amejifunga ngoma kiunoni, kapanda juu ya kinu. Nadhani nawe ulikuwa ukiomboleza.

Jina lako sikukuuliza. Popote ulipo, Unguja au Pemba, ahsante sana, mama yangu. Hakuna mwengine aliyenipa mkono wa tanzia siku ile. Mungu akupe afya na umri, na amrehemu Bi Kidude. Amin.