Ukienda Hifadhi ya Nyerere, panda boti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dar, hasa sisi tunaochangishana kwenye magrupu ya wasap ili twende Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wikendi. Safari nyingi siku hizi ni za kwenda na kurudi, gari linatoka Mbagala usiku, mnafika geti la Mtemere asubuhi, mnazungushwa kumtafuta simba mpaka mchana, mkimkosa watu wananuna eti hifadhi haina kitu, mkimpata zinapigwa picha mnageuza. Inaniuma kwa kweli, maana utamu wa Nyerere uko majini na watu wanarudi hata boti hawajapanda.

Mto Rufiji ndo roho ya pale. Boti ikizimwa injini viboko wanaibuka karibu yako, unasikia wanavyopuliza pumzi na matone yanakurukia, mamba wamelala kwenye mchanga midomo wazi, na ukingo wa mto umetobolewa matundu kibao, ukiangalia vizuri unakuta ni viota, vindege vya kijani vyenye koo jekundu vinaingia na kutoka humo. Hicho kitu kwenye gari hukioni hata uzunguke siku nzima.

Halafu kuna maziwa, Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, vidimbwi vya porini vikikauka tembo, nyati na pundamilia wanashuka huko kunywa, na huyo simba mnayemtafuta anawafuata hukohuko! Twiga muwaangalie mkiwa huku kaskazini, ng'ambo ya kusini ya mto hawapo. Mbwa mwitu nao, ambao sehemu nyingi za Afrika wameshapotea, hapa bado wapo wengi, ukibahatika kukuta kundi limelala kivulini usimharakishe dereva.

Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, yaani kama Serengeti mbili, sasa masaa manne utaona nini? Bora mjichange mlale hata usiku mmoja kule Mloka nje ya geti, siku ya pili mtembee kwa miguu na askari mwenye bunduki, mpite na kwenye chemchemi za maji moto karibu na Tagalala.

Kule Beho Beho kuna kaburi la Selous, Mwingereza aliyeuawa vitani na Wajerumani Januari 1917, pori zima likaitwa jina lake mpaka 2019 upande wa kaskazini ulipofanywa hifadhi ya taifa. Historia hiyo wageni wanasimuliwa. Natamani wasimuliwe na ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kijiji cha jirani kabisa, ambaye dawa yake ya maji ndo iliwaunganisha watu kwenye vita vya Majimaji vya 1905 dhidi ya Wajerumani, na hata watoto wetu wa shule wanaopelekwa kule waisikie palepale.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandaa safari, hela ya boti iwekeni kwenye mchango tangu mwanzo, msisubiri mfike getini ndo muanze kuulizana nani ana chenji. Kiingilio chetu wananchi kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha wageni, boti ndo inayopandisha bei, ila mkijaa inagawanyika. Na mwezi wa nne msiende, barabara ya Kibiti kwenda Mloka mvua ikikolea ni tope tupu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam