Mikono Miwili ya Upande Mmoja

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Huku Tanga hatujambo, ila mvua imetufungia nguo ndani siku ya tatu leo. Picha za maswali ya maumbo nimezipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikia: ati huna akili ya michoro, usaili ni Jumatatu, bora usiende. Nimeyafanya yote kumi na mawili hapa mezani kwa cherehani.

Tazama la tatu. Duara kubwa jeupe lenye pembetatu ndogo nyeusi ndani limekuwa pembetatu kubwa nyeupe yenye duara dogo jeusi. Chini yake wamekupa mraba mkubwa mweupe wenye nyota ndogo nyeusi, uchague utakuwaje ukibadilika vivyo hivyo. Wewe ukachagua nyota kubwa nyeusi yenye mraba mweupe! Uliona "vimebadilishana" ukakimbilia majibu. Vimebadilishana nini? Nafasi na ukubwa, basi. Rangi haikuhama: cha nje ni cheupe bado, cha ndani ni cheusi bado. Funika majibu kwa kiganja, utamke kilichobadilika, kisha utamke na kilichobaki. Hicho cha pili ndicho mnachokisahau, nimewasahihisha wanafunzi miaka mingi nakijua.

Usione ni ushamba kusema kwa mdomo. Miaka ya 1960 huko chuo kikuu cha MIT, Marekani, Thomas Evans aliandika programu ya kompyuta ya kutatua maswali ya namna hii hii. Kompyuta haikuwa na macho. Aliilisha michoro kwa maelezo ya mistari, nayo ikachambua nini kiko ndani ya nini, nini kiko juu ya nini, ikatunga kanuni ya mchoro wa kwanza kuwa wa pili, ndipo ikapima kila jibu kwa kanuni hiyo. Wewe unayapima kwa sura.

Sasa la saba, ambalo limekuliza. Hapo umechanganya kuzunguka na kupinduka, na mimi kosa hilo limenigharimu. Unalikumbuka gauni la satini la bibi harusi wa mtaa wa pili? Nilitandaza kitambaa upande unaong'aa juu, nikachora mkono mmoja kwa karatasi, nikaizungusha karatasi ili nibane nafasi, nikachora wa pili. Nikakata. Kuja kushona, mikono yote miwili ni ya kulia! Kuzungusha karatasi hakukunipa mkono wa kushoto, hata ningeizungusha hadi usiku. Ilitakiwa kuinuliwa na kulazwa kifudifudi. Mita nzima ya satini, mwanangu, na harusi Jumamosi.

Basi chora herufi F kwenye kipande cha karatasi uizungushe mezani. Ikikubali kufanana na mchoro bila kuinuliwa, imezunguka. Ukilazimika kuilaza kifudifudi na kuitazama kwa nyuma, imepinduka. Kwenye usaili huenda wasikuruhusu karatasi, kwa hiyo fanya sana leo na kesho mpaka kichwa kizoee.

Na hayo ya kuzaliwa bila akili ya michoro sitaki kuyasikia tena. Kuna Mwingereza, John Raven, aliyetoa mtihani wake wa maumbo mwaka 1938. Watoto wa Embu, Kenya, walipimwa kwa maumbo ya Raven mwaka 1984, na wengine wa rika lile wakapimwa mwaka 1998. Wa pili waliwaacha wenzao mbali. Damu ya watu wa Embu ilibadilika kwa miaka 14? Watafiti walitaja lishe, wazazi waliosoma zaidi, familia zenye watoto wachache.

Nauli nimekutumia kwenye simu, iangalie. La tisa limenishinda. Mimi nasema pembetatu imezunguka, baba yako anasema imepinduka, tumebishana hadi uji umepoa. Ukilipata nitumie jibu, lakini mtumie yeye kwanza, maana mimi hataniamini.

Mama yako