Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinituma kazi moja: vijana wetu watafiti, pamoja na sisi tusio watafiti, tuanze kuhakiki maandiko ya awali, yaani tafiti zinazowekwa hadharani kabla jarida halijazipitisha. Naanza na kikao kimoja, maana ndicho kilichonifundisha zaidi.

Tulisoma andiko la awali la majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, lililotoka 2023. Jarida la tiba la The Lancet lilikwisha kuyachapisha matokeo hayo Februari 2024. Tulilichukua la awali kwa kujizoeza, na kwa kuwa Bagamoyo ni mojawapo ya sehemu tano yalikofanyika majaribio, pamoja na Kilifi na sehemu za Mali na Burkina Faso. Watoto wa hapa wamo katika zile hesabu.

Tulipofika kwenye kinga ya asilimia 68, katika maeneo ambako chanjo ilitolewa bila kufuata msimu wa malaria, yetu ikiwemo, mama mmoja muuza samaki akauliza kuhusu watoto wasiopewa R21: "Hao wengine walipewa nini?" Kijana aliyekuwa akitusomea akarudi nyuma kurasa kadhaa. Walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili mzazi asijue mwanawe kapata ipi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa kuwa 68 si idadi ya watoto walioepuka malaria kati ya 100, bali ni kiasi ambacho malaria ilipungua ukilinganisha na kundi la pili. Muuguzi naye akadakia: mtoto aliyenunuliwa dawa dukani, asifike kituoni, anahesabiwa wapi? Alipoingia alisema amekuja kusikiliza tu.

Vijana wana woga wao. Mwandishi wa andiko huenda ndiye aliyekufundisha, au kesho ndiye atakayekuandikia barua ya kuombea kazi. Siwalaumu, ila kunyamazia kosa sikuiti adabu. PREreview, tovuti ya kuhakiki maandiko ya awali iliyoanza 2017, inaruhusu kuhakiki kwa jina la kubuni, tena kwa pamoja, tuitumie. Kumbukeni Januari 2020, lilipowekwa kwenye bioRxiv, tovuti ya maandiko ya awali, andiko lililodai kirusi cha korona kina vipande vinavyofanana na vya VVU. Wasomaji walilipinga waziwazi, na katika siku chache waandishi wenyewe wakaliondoa. Waliopinga hawakungoja kuteuliwa na mhariri wa jarida.

Mapitio mengi tuliyoyaanza hayakumalizika. Kosa ni langu: niliruhusu yakaandikiwe nyumbani, na nyumbani kila mtu ana shughuli zake. Sasa tutaandika palepale kikaoni, kabla ya chai. Habari ya fedha ataieleza mweka hazina. Nyingi zilikwenda kwenye bando na kuchapa nakala.

Kikao cha kwanza baada ya Idi tutasoma andiko kuhusu mwani, na wakulima wawili wa Mlingotini wamekubali kuja. Hawasomi Kiingereza. Namwomba kijana mmoja ajitolee kuwafasiria aya kwa aya, na mwingine ashike kalamu, aandike wanayosema kama wanavyoyasema.