Kalamu za wino za zamani zisipelekwe kwa fundi yeyote tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye kalamu za wino za zamani, hasa zile zilizorithiwa kwa wazee waliokuwa makarani na walimu. Nyingi zimelala kwenye droo kwa sababu hazivuti wino. Mwenye nayo akiamua kuitengeneza, huipeleka kwa fundi wa kwanza anayekutana naye, na kalamu iliyokuwa na uhai bado hufia hapo. Supaglu, plaizi na moto wa kiberiti vimeua kalamu nyingi kuliko uzee.

Kabla ya kutafuta fundi, ujue kwanza una kalamu gani. Chukua Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941, ile ambayo nibu yake imefichwa na inachungulia ncha tu. Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza, Vacumatic, ina kifuniko kidogo mkiani. Ukikifungua unakuta kitufe cha kubonyeza. Ya pili, Aerometric, ilianza 1948. Hiyo unafungua mwili mzima, na ndani unakuta bomba jembamba la chuma lenye ubapa wa kubonyeza, na maelekezo ya kujaza wino yameandikwa juu ya bomba hilohilo.

Aerometric kwa kawaida haihitaji fundi. Mfuko wake wa wino ni wa plastiki isiyochakaa upesi, na mingi ingali laini hadi leo. Kinachoikaba ni wino uliokaukia ndani. Isimamishe kwenye glasi, nibu chini juu ya kitambaa laini, maji ya uvuguvugu yafunike ile sehemu ya nibu tu. Bonyeza ubapa mara kadhaa, subiri, mwaga maji yakichafuka, weka mengine. Iache usiku kucha, kisha rudia mpaka maji yatoke meupe. Kwa kalamu iliyokaa miaka mingi, kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Maji ya moto hapana. Wala usiling'oe lile ganda linaloificha nibu (si kifuniko cha kalamu): ndani yake kuna kipande chenye mapezi membamba kinachohifadhi wino wa ziada, na mapezi yakivunjika kalamu itavuja daima.

Vacumatic ni kazi ya fundi kweli. Ndani ina utando wa mpira ambao huoza, na utaratibu wote wa kuvutia wino umefungwa kwa hesi mkiani mwa kalamu. Kuutoa kunahitaji spana yake maalumu. Asiye na spana hiyo hukamata kwa plaizi, hesi ikasagika, na mwili wenyewe ukapasuka. Tena utando wa zamani una kidonge cha mpira kilichokaza kwenye kikombe kidogo. Lazima kitolewe kipande kwa kipande, kwa subira, maana kikombe kikipanuka utando mpya hautashika.

Halafu zipo zile zenye wenzo mdogo ubavuni: Sheaffer, Esterbrook, Conway Stewart na nyinginezo. Hizi ndizo rahisi zaidi kwa fundi mwenye ujuzi na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Ndani yake mna mfuko wa mpira ambao kwa joto na miaka hugeuka kuwa mgumu kama ganda la yai. Ukiitikisa kalamu, unasikia vipande vikicheza. Wenzo ukigoma usiulazimishe, utavunjika. Pwani kuna tatizo la pili, nalo ni kutu: ubapa wa chuma unaokandamiza mfuko huliwa na hewa ya chumvi, na ukikatika mfuko mpya hauna wa kuukandamiza.

Kuubadilisha mfuko kunaanzia kwenye shingo ya kalamu, pale vidole vinaposhika. Inapashwa joto kavu, kwa draya ya nywele iliyo mbali kidogo, mpaka gundi ya zamani ilegee. Kisha inavutwa kwa mkono uliovaa mpira, huku ikizungushwa kidogo kidogo. Mabaki ya mpira yanakwanguliwa yote. Mifuko mipya huuzwa kwa namba, na namba ni sehemu ya 64 ya inchi: namba 16 ni robo inchi, karibu milimita 6.4. Mfuko unakatwa uwe mfupi kidogo kuliko nafasi iliyopo, unabandikwa kwa shelaki, ambayo ni gundi ya asili, unaachwa ukauke hadi kesho yake, unapakwa poda ya talki ndipo unaingizwa. Shelaki inatumika kwa sababu hulegea kwa joto, hivyo fundi wa miaka 20 ijayo naye ataweza kufungua. Supaglu haifunguki bila kuvunja kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: utabandika kwa gundi gani? Akisema supaglu, chukua kalamu yako uondoke. La pili, utaifunguaje? Kalamu nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ni za seluloidi, plastiki ya zamani ambayo hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo anayewasha kiberiti hajui alichoshika. La tatu, kalamu hii imetengenezwa kwa kitu gani? Isugue kwa kidole: seluloidi hutoa harufu ya kafuri, ebonaiti, yaani mpira uliogandishwa ukawa mgumu, hutoa harufu ya salfa. Ebonaiti ikilowekwa hupoteza weusi wake ikawa kahawia. Baadhi ya Conway Stewart ni za kaseini, plastiki itokanayo na maziwa, na kaseini hunywa maji ikavimba na kupinda. Fundi anayeloweka kila kalamu kwenye beseni moja hafai.

Kuhusu nibu ya dhahabu, msiipeleke kwa sonara aichome. Dhahabu ikipata moto hulegea na kupoteza msukumo wake, na ile punje ngumu ya nchani huweza kuanguka. Nibu iliyopinda hunyooshwa baridi, chini ya lenzi, kidogo kidogo.

Kwa maoni yangu, fundi saa mzuri ndiye aliye karibu zaidi na kazi hii, maana lenzi anayo, mkono mtulivu anao. Anachokosa ni shelaki, mifuko na habari za joto, na hayo yote anaweza kuyapata. Mifuko huagizwa nje. Aihifadhi gizani, ndani ya plastiki iliyofungwa.

Pasipo fundi wa namna hiyo, wapo mabingwa Uingereza na Marekani. Njia ya kuwafikia ni wanachama wa Writing Equipment Society, chama cha Uingereza kilichoanzishwa 1980. Mtumie fundi picha nne: kalamu nzima, maandishi yaliyochorwa mwilini, nibu kwa karibu, na sehemu ya kujazia. Mwombe bei kwa maandishi kabla hujatuma chochote. Kalamu isafirishwe tupu na kavu, imefungwa kitambaa ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa pande zote mbili. Bahasha peke yake haifai. Uulize forodha mapema ni karatasi gani itaonyesha kwamba imetoka kwa ajili ya matengenezo, ili isirudi ikahesabiwa kuwa bidhaa mpya.

Na ikishapona, wino uwe wa kalamu za wino tu, kama Quink. Wino wa mihuri, wa printa, na ule mweusi wa wachoraji unaokauka ukang'aa, vyote huziba njia nyembamba iliyo chini ya nibu, na huo wa wachoraji hautoki kwa maji.

Msomaji wako,
Tanga