Yah: Kamera ya Sanderson Tropical mliyoturudishia ikiwa imeharibika

Kwa Meneja wa Karakana,

Kamera tuliyowaletea ni Sanderson Tropical ya inchi 3¼ kwa 4¼, iliyotengenezwa London na Houghton. Hati ya kazi ilitaja mambo mawili tu: kuisafisha na kuziba matundu mawili ya mvukuto, yaani kifuko cha kukunjika kati ya lenzi na nyuma ya kamera. Hamkuishia hapo.

Lililotuuma zaidi ni skrubu. Kamera hii iliundwa kwa nchi za joto na unyevu: mwili wa msaji, maungio yakakazwa kwa shaba kwa kuwa gundi peke yake hulegea. Ninyi mmeng'oa skrubu 11 za shaba mkatia za chuma, tena nene kuliko matundu yake, na ubao wa mbele umeshapasuka. Chuma kikikaa na shaba penye hewa ya chumvi hushika kutu, kutu huvimba, na ufa huzidi. Fundi wa majahazi asingefanya hivyo.

Mvukuto wa ngozi mmeung'oa mkaweka wa plastiki. Ni mnene, haukunjiki ukaenea sandukuni. Kifuniko kikafungwa kwa nguvu, na mihimili ya shaba inayoshika lenzi imepinda. Mihimili hiyo yenye mianya ndiyo uvumbuzi wenyewe wa Frederick Sanderson, hataza (haki ya uvumbuzi) ya 1895. Ndiyo inayoruhusu lenzi kupanda, kushuka na kuinama. Mmeing'arisha kwa mashine hadi nati hazishiki. Ukiielekeza kwenye ukuta wa matofali na kutazama kioo cha ukungu cha nyuma, panapoonekana picha: katikati pamekaza, kona za juu zimefifia.

Vanishi mliyoipaka nayo inabanduka, maana msaji una mafuta. Iondoeni kwa dawa ya kuondolea rangi, si kwa msasa.

Tunataka skrubu na mvukuto wa awali, hata kama umechanika, kwa sababu vipimo vya mikunjo huchukuliwa humo. Matundu ya skrubu yazibwe kwa vijiti vya msaji, yatobolewe upya, njia ikatwe kwanza kwa skrubu ya chuma ya saizi ileile, kisha ndipo iingie ya shaba iliyopakwa nta. Bila hivyo shaba hukatika kichwa. Mihimili inyooshwe kwa nyundo ya mti juu ya ubao. Gharama ya vanishi na mvukuto wa plastiki irudishwe ndani ya siku 14.

Kamera tutaileta tena siku vifaa vyake vya awali vitakapokuwa mezani kwenu.

Wateja wenu