YAH: Malalamiko ya kunyimwa tafsiri (ufafanuzi wa masharti) za zamani za LEED, mradi wa Mikocheni

Kwa uongozi, habari za kazi.

Mimi ndo msimamizi wa mradi upande wa mwenye jengo, ile ofisi ya ghorofa nne Mikocheni mliyochukua kazi ya kutushauri mpaka tupate cheti cha LEED, ule mfumo wa kupima majengo yanayojali mazingira. Nimeshapiga simu sana, nimetuma meseji sana, sasa naandika ili ibaki kwenye rekodi.

Shida ilianzia mlangoni. Sharti la moshi wa sigara linataka sehemu ya kuvutia sigara nje iwe si chini ya mita 7.5 kutoka kwenye milango, madirisha yanayofunguka na matundu ya kuingizia hewa. Sasa kiwanja chetu kidogo, nimepima mwenyewe na tepu, kutoka kizingiti mpaka mpaka wa kiwanja ni mita 4 na kidogo, ukivuka hapo uko barabarani kwenye kijiwe cha bodaboda na vijana wa pale wanavuta kuanzia asubuhi. Hizo mita zilizobaki huko nje zinatuhusu au hazituhusu? Vibao vya kukataza sigara tumeshaagiza, hilo halina shida. Ila hili sio jambo la pointi kwamba tutafidia kwenye maji au umeme, ni sharti la lazima, ukilikosa hata ufikishe pointi 80 za Platinum, daraja la juu kabisa, cheti hupati.

Mtaalamu wenu akatuambia tusihangaike, miradi mingine ilishawauliza wenye mfumo hivihivi wakajibiwa, na majibu hayo anayo. Tukashukuru. Tangu siku hiyo ni wiki ya sita, leo mwenye faili kasafiri, kesho mtandao unasumbua, mwisho tukatumiwa picha mbili WhatsApp, yaani kompyuta imepigwa picha na simu tena imelala upande. Ya kwanza imekatwa juu, haina namba wala tarehe, nimeivuta mpaka herufi zikapotea sikuambulia kitu. Ya pili inasomeka vizuri kwamba ni ya v2.2, toleo la 2005, wakati sisi mmetusajili v4, yaani toleo la nne. Nilipouliza nikajibiwa kutafuta zaidi ni kazi ya ziada, na inivoisi ikaingia siku hiyohiyo.

Jamani hii sio sawa. Tafsiri rasmi zipo kwenye tovuti ya wenye mfumo, unatafuta kwa namba, kwa sharti, kwa toleo, na kuzitafuta na kutuelewesha ndo kazi tuliyowalipa. Na nyie mnajua kuliko mimi kwamba jibu alilopewa mradi mmoja linaishia kwa mradi huohuo, mwingine hawezi kulishika kama ushahidi, ila tafsiri rasmi ndo inatumika na wengine. Sasa ile picha iliyokatwa ni ipi kati ya hizo mbili? Halafu tafsiri iliyotoka kabla ya tarehe ya kusajiliwa inatubana hata kama hatujaiona, iliyotoka baada ya hapo ni hiari. Kwahiyo inawezekana kuna kitu kinatubana muda huu na sisi tunaendelea kujenga tu hatujui, na hicho ndo kinachoninyima usingizi.

Huku saiti fundi alumini ananipigia kila asubuhi, anataka kujua madirisha ya mbele ya chini yafunguke au yawe fiksi, na mlango ubaki hapo au uhamie ubavuni. Oda nimeisimamisha, fremu hazijakatwa, na plasta ya upande ule nayo inasubiri.

Ninachoomba ni hiki. Mtutumie kila tafsiri inayohusu sharti hili kwa v4, swali lote na jibu lote kama lilivyo, na namba yake na tarehe yake. Mtuingize kwenye akaunti ya mradi LEED Online, ule mtandao wa kuwasilishia nyaraka za cheti, maana jengo ni letu na mpaka leo mnaingia nyie peke yenu. Hiyo inivoisi ya ziada ifutwe. Na kama kweli hakuna tafsiri ya hali kama yetu semeni wazi, tupeleke swali letu rasmi tulipie tusubiri jibu, hilo tuko tayari.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 7, sio kwa simu. Hayo yasipofika, malipo ya awamu inayofuata hayatatoka, mwenye jengo ameshakubali na mkataba unaturuhusu.

Msimamizi wa mradi, Mikocheni