Sehemu zifundishwe kwa mstari wa namba

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa hisabati wanapofundisha sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/4, wasiishie kwenye mchoro wa duara lililokatwa vipande. Mtoto aliyezoea duara pekee huiona 3/4 kama vipande vitatu tu, wala hajui kuwa ni namba yenye mahali pake kati ya 0 na 1. Akiambiwa aoneshe 5/4 anakwama, maana duara limekwisha. Kwenye mstari wa namba, yaani mstari wenye vistari vinavyoonesha mahali pa kila namba, anaendelea tu kuhesabu robo mpaka aipite 1.

Lipo kosa tunalolijua sote tunaosahihisha madaftari: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwambie mtoto aweke 1/2 na 2/5 kwenye mstari mmoja. Ataona mwenyewe kuwa amejumlisha na jibu likarudi nyuma ya namba aliyoanza nayo. Hapo atauliza kwa nini, na swali hilo nalithamini kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Ila tuwe macho: watoto wengi huhesabu vistari, tena wakianzia kwenye 0, badala ya kuhesabu nafasi zilizo kati yake. Waruke kwa kidole, nafasi moja moja. Chaki na sakafu vinatosha kuanza.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro